Kuomba Kitivo cha Udaktari Lubumbashi Ukiwa na Alama Dhaifu za Sayansi

Mwanafunzi anayeniletea diploma ya Serikali (ile ya kumaliza sekondari) yenye asilimia 53, pamoja na buleteni, yaani ripoti za alama za shule, ambazo kemia na fizikia zimepigiwa mstari mwekundu, huniuliza karibu kila mara swali lile lile: je, barua nzuri ya maombi inaweza kuzifunika alama hizo? Jibu langu ni kwamba haiwezi. Anayesoma mafaili katika kitivo cha udaktari ana rundo zima mezani, na karibu kila barua iliyomo inasema kwamba mwandishi wake ametamani kuwa daktari tangu utotoni. Kinachoweza kumfanya asimame kwenye faili lako ni alama nyingine, mpya zaidi, katika somo lile lile lililokuangusha, iliyotolewa na mtu asiye na sababu ya kukupendelea. Alama ya zamani haifutiki; huwekewa nyingine kando yake. Nitaeleza namna ya kuitafuta alama hiyo ukiwa hapa Lubumbashi, na namna ya kuiwasilisha.

Soma buleteni kabla ya kusoma vitabu

Asilimia iliyoandikwa kwenye diploma haielezi mengi. Exetat, mtihani wa Serikali unaotoa diploma hiyo, huchanganya utamaduni wa jumla, lugha, sayansi na masomo ya opsyo, yaani mchepuo wa mwanafunzi, kwa hiyo watu wawili wenye asilimia 53 wanaweza kuwa na matatizo yasiyofanana hata kidogo: mmoja aliokolewa na Kifaransa huku kemia ikimshinda, na mwingine alijua kemia yake vizuri lakini akapoteza alama kwingineko. Buleteni husema zaidi. Chukua zile za miaka mitatu ya mwisho ya humanite (sekondari), kisha nakili kwenye karatasi moja alama za biolojia, kemia, fizikia na hisabati peke yake, kipindi kwa kipindi, pamoja na za mtihani wa kila semesta.

Safu hizo zikishakaa pamoja, mwenendo hujitokeza. Ikiwa alama za vipindi ni nzuri na za mitihani ni mbaya, unaelewa unapofundishwa lakini hukumbuki baada ya miezi mitatu, na dawa yake ni namna ya kurudia masomo, wala si mwalimu mpya. Ikiwa alama ni mbaya tangu kipindi cha kwanza cha mwaka wa kwanza, msingi haupo, na utalazimika kurudi nyuma kuliko unavyopenda, pengine hadi kwenye hesabu za sehemu na uwiano. Ikiwa ziliporomoka ghafla mwaka mmoja kisha zikapanda tena, kuna jambo lilitokea: ugonjwa, kuhama, darasa kukaa bila mwalimu, au kurudishwa nyumbani mara kwa mara kwa ajili ya ada. Hali hii ya tatu ndiyo rahisi zaidi kueleza mbele ya watu, mradi uwe na karatasi inayoithibitisha.

Aliyetoka katika opsyo ya pedagojia au ya biashara asijihesabu pamoja na hao. Yeye hakushindwa kemia; alifundishwa kidogo sana. Kabla ya kununua fomu yoyote, aende kwenye ofisi ya apariteri (ofisi ya usajili wa wanafunzi) ya chuo anachokitaka, aulize ni opsyo zipi zinazopokelewa mwaka huo na kwa asilimia gani, kisha asome mwenyewe tangazo lililobandikwa ukutani. Masharti hutofautiana kati ya chuo na chuo, na mwaka na mwaka, na kaka au dada yako aliyeingia miaka minne iliyopita anakusimulia masharti ya wakati wake.

Huenda si kemia inayokushinda, bali Kifaransa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona wanafunzi wengi wa komuni zetu za Katuba, Kenya na Ruashi wakipoteza alama wasizostahili kupoteza. Wanaishi kwa Kiswahili, wanafundishwa kwa Kifaransa, na swali la kemia wanalisoma haraka haraka wakitafuta tarakimu ili wazitie kwenye kanuni. Maneno yaliyo kati ya tarakimu wanayaruka, ilhali maneno hayo ndiyo swali lenyewe.

Chukua mfano mmoja. Una mililita 10 za myeyusho wenye moli 1 kwa lita (moli ni kipimo ambacho kemia huhesabia wingi wa chembe). Swali la kwanza linasema uongeze maji hadi ufikie mililita 100. Swali la pili linasema uongeze mililita 100 za maji. Kwa anayesoma mbio, maswali haya ni mamoja. Katika la kwanza ujazo wa mwisho ni mililita 100, na myeyusho umezimuliwa mara kumi, hivyo jibu ni moli 0.1 kwa lita. Katika la pili ujazo wa mwisho ni mililita 110, na jibu ni karibu moli 0.091. Mwanafunzi anayekosea hapa anajua kugawanya, hakusoma tu. Siku atakapozimua dawa ya sindano ya mtoto mchanga, tofauti ya maneno hayo mawili itakuwa na uzito mwingine kabisa.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ninalowapa wanafunzi halina hesabu. Wanachukua maswali ishirini ya kemia na fizikia ya miaka iliyopita, wanayaandika upya kwa Kiswahili chao cha nyumbani, na chini ya kila swali wanaandika mambo mawili: kinachojulikana na kinachotafutwa. Hawaruhusiwi kukokotoa chochote mpaka siku ya pili. Wengine huona aibu, wakidhani ni kazi ya watoto, lakini baada ya wiki mbili wanaanza kugundua wenyewe kwamba nusu ya makosa yao ya zamani yalitokea kabla ya kalamu kugusa karatasi. Baada ya hapo ni lazima warudi kwenye Kifaransa, kwani mtihani hautaandikwa kwa Kiswahili. Ila sasa wanarudi wakijua wanachokitafuta.

Kemia iliyo chini ya miguu yetu

Msingi ukiwa haupo, usianze na kitabu cha mwaka wa kwanza wa chuo. Anza na moli, kwa sababu asiyeishika moli hawezi kufika kwenye myeyusho, asidi na besi, wala baadaye kwenye kemia ya mwili. Mtu wa Lubumbashi ana bahati kwamba somo hilo limo katika mawe anayoyaona yakiuzwa. Malakiti, lile jiwe la kijani linalochongwa mikufu na visanduku, ni kaboneti ya shaba yenye hidroksidi, Cu₂CO₃(OH)₂. Hesabu uzito wa moli yake: utapata takriban gramu 221, na ndani yake shaba ni gramu 127, yaani zaidi kidogo ya asilimia 57. Ikimwagiwa asidi ya salfuriki hutoa povu la kaboni dioksidi na kubaki maji ya bluu ya salfeti ya shaba. Mlingano wake unahitaji molekuli mbili za asidi kwa moja ya malakiti, na hutoa molekuli tatu za maji. Usijaribu kuyafanya hayo jikoni kwa mama. Yaandike kwenye daftari, sawazisha mlingano, kisha ujiulize ni gramu ngapi za asidi zinazohitajika kwa kilo moja ya jiwe. Ukiweza kulijibu swali hilo bila kuangalia popote, umeishika moli.

Kisha lipeleke somo hilo hilo hospitalini. Chupa ya serumu (dripu) ya chumvi imeandikwa 0.9 kwa mia, maana yake gramu 9 kwa lita. Chumvi ina gramu 58.5 kwa moli. Gawanya, utapata milimoli 154 kwa lita, na kwa kuwa kila chembe ya chumvi huachana ikawa ioni mbili, jumla ni 308, kiasi kinachokaribia kile cha damu yenyewe. Ndiyo sababu chembe nyekundu za damu hazivimbi wala hazinyauki ndani yake. Mwanafunzi aliyeambiwa tu akariri 0.9 huisahau, lakini aliyeikokotoa mwenyewe hubaki nayo. Fizikia nayo ina mifano ya namna hii: mrija wa serumu ukipungua nusu ya kipenyo chake, huku mambo mengine yakibaki yalivyo, kiasi kinachopita kwa dakika hupungua mara kumi na sita, wala si mara mbili. Tafuta sababu yake katika kitabu cha fizikia, kwenye sheria ya Poiseuille.

Uwe na daftari moja la makosa. Kila swali ulilokosa huandikwa humo, na kando yake sababu ya kukosa kwa maneno machache: sikusoma, sikujua kanuni, nilikosea vizio, nilichoka. Baada ya siku tatu unalirudia swali lile bila kuangalia jibu, baada ya wiki tena, na baada ya mwezi tena. Kusoma ukurasa mmoja mara tano huku ukipiga mistari ya rangi hukupa hisia kwamba unajua. Kuufunga ukurasa na kujaribu kuuandika upya ndiko kunakuonyesha unachojua kweli. Kuhusu delestaji, ukataji wa umeme kwa zamu, sina la kufundisha, kila mtaa unajua saa zake. Ila panga kazi ya kukokotoa kwa saa za mwanga, na usiku wa giza ubakize maswali ya kujibu kwa kichwa. Saa mbili kila siku kwa miezi mitatu huzaa zaidi ya usiku mzima wa wiki ya mwisho.

Jambo moja zaidi kuhusu mazoezi. Exetat imekuzoesha kuchagua jibu kati ya yale yaliyochapishwa, na wapo waliofaulu kwa kuondoa majibu yasiyowezekana. Chuoni utaombwa uandike njia yote, na asistanti wa mazoezi atakupa alama kwa njia hiyo. Funika majibu ya kuchagua unapojizoeza. Karibu na vyuo huuzwa nakala za maswali ya mitihani ya kuingilia ya zamani. Zinafaa, lakini majibu yaliyoandikwa pembeni kwa kalamu usiyaamini, kwani mengi yaliandikwa na mtu aliyekuwa anatafuta kama wewe.

Alama mpya inapatikana wapi

Njia fupi ni mtihani wa kuingia, pale chuo kinapouandaa. Huo ni wa manufaa makubwa kwa mwenye diploma dhaifu, kwa sababu siku hiyo swali ni moja kwa wote. Hata hivyo, chuo kingine hukutaka kwanza uwe na asilimia fulani ndipo upewe ruhusa ya kuufanya. Vyuo vingine vina mwaka wa maandalizi, ambao wanafunzi huuita prepa, na mwenye msingi mbovu asiuone mwaka huo kuwa ni wa kupotea. Nimeona zaidi ya mara moja kijana aliyeingia L1 (mwaka wa kwanza) ya udaktari kwa shida, akakaa nyuma ya oditware, ukumbi wa mihadhara, iliyojaa, akashindwa kemia na fizikia, na mwishowe akatumia miaka miwili kwa kazi ya mmoja, tena kwa minervali (ada ya chuo) mara mbili.

Njia ndefu, ambayo mimi huipendekeza mara nyingi kuliko wanafunzi wanavyopenda kusikia, ni kupita kwenye kitivo cha jirani. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha sayansi, cha sayansi za dawa, cha udaktari wa mifugo na shule ya afya ya umma. Mji pia una ISTM, taasisi ya juu ya ufundi wa tiba, kwa wanaotaka uuguzi, ukunga au maabara. Mwaka mmoja wa kemia au biolojia uliofaulu vizuri ni ushahidi ambao hakuna kamati inayoweza kuudharau, kwani umetolewa na maprofesa wa chuo, kwa kiwango cha chuo. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi yetu, Kongo, imeingia katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), ambamo mwaka una kredi 60, thelathini kwa kila semesta, na kila kundi la masomo lina kredi zake. Wengi hudhani kwamba kredi hizo zitawapeleka moja kwa moja L2 ya udaktari. Usijenge mpango wako juu ya dhana hiyo. Kitivo kinachokupokea ndicho kinachoamua kitahesabu nini, na kwa kawaida jitayarishe kuanza L1 upya. Kikikubali kukuhesabia somo moja au mawili, shukuru, na uombe uamuzi huo kwa maandishi.

Kwa wanaoogopa kwamba kupita kwingine ni kupotea njia, nitawakumbusha habari za Denis Mukwege wa Bukavu. Alipata diploma yake ya sekondari, opsyo ya biokemia, mwaka 1974, akakaa miaka miwili katika kitivo cha polyteknik (uhandisi) mjini Kinshasa, na mwaka 1976 tu ndipo alipoanza udaktari, nchini Burundi. Mwaka 1983 alikuwa daktari, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Sisemi kwamba alikuwa na alama dhaifu. Nasema tu kwamba miaka miwili ya mbali na udaktari haikumzuia kuwa daktari.

Uchague kitivo cha jirani ambacho ungeweza kukimaliza bila kujilaani. Anayeingia uuguzi huku akiwadharau wauguzi hufanya vibaya katika uuguzi, na alama hizo mbaya humfuata alikokuwa anataka kwenda. Tena wapo waliofika ISTM kwa nia ya kupita, wakaipenda maabara, wakabaki. Hao sijawahi kuwasikia wakilalamika.

Njia ya mkato ya pesa iache. Jirani wa familia yetu aliuza jokofu na cherehani ili amlipe mtu aliyejidai kuwa na mkubwa wake ofisini. Orodha ilipobandikwa jina la kijana halikuwamo, na simu ya mtu yule haikupatikana tena. Malipo halali hupitia benki na huacha bordero, hati ya malipo ya benki, mkononi mwako. Vivyo hivyo, kabla ya kujiandikisha katika chuo kidogo kinachopokea kila mtu bila kuuliza alama, hakikisha kwamba kitivo chake cha udaktari, na si chuo tu, kimeidhinishwa na wizara ya elimu ya juu, kisha uulize madaktari waliotoka humo kama Baraza la Madaktari liliwaandikisha bila taabu. Diploma ambayo Baraza haliitambui haikuruhusu kutibu hata jirani yako.

Faili na barua

Barua iandikwe kwa Kifaransa, isizidi ukurasa mmoja, na habari ya alama dhaifu isifichwe mwishoni. Sentensi tatu zinatosha: kilichotokea, ulichobadilisha, na karatasi inayothibitisha. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: «Katika mwaka wa tatu wa humanite nilipata alama za chini katika kemia, kwa kuwa darasa letu halikuwa na mwalimu wa somo hilo kwa semesta nzima. Tangu wakati huo nimefuata mwaka wa kwanza katika kitivo cha sayansi, nikapata 14 kwa 20 katika kemia ya jumla. Releve ya alama zangu imeambatanishwa.» Baada ya hapo endelea na mengine. Usimlaumu mwalimu kwa jina, usiombe huruma, na usiseme kwamba ulikuwa mgonjwa kama huna cheti cha wakati ule.

Kujitolea katika kituo cha afya cha mtaani kwenu, au kupata mafunzo ya huduma ya kwanza kwa Msalaba Mwekundu, kunafaa kutajwa ikiwa kuna hati yenye muhuri na tarehe. Hata hivyo, hakuchukui nafasi ya kemia. Kunaonyesha tu kwamba umeona damu, umenusa wodi, na bado unataka. Ukiitwa kwa mahojiano, hilo ndilo watakalokuuliza kwa undani zaidi, kwa hiyo usitaje siku ambazo hukufika.

Vipande vingine vya faili vinajulikana: nakala ya diploma au hati ya kufaulu, buleteni, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha afya ya mwili, na picha. Angalia jina lako herufi kwa herufi katika karatasi zote. Tofauti ya herufi moja kati ya buleteni na diploma inaweza kulichelewesha faili hadi baada ya siku ya mwisho, na kurekebisha jina ni safari ya ofisi nyingi; anza mapema, ukiwa bado na miezi mbele yako.

Orodha ikitoka bila jina lako, usiondoke kwenye ua wa chuo kwa hasira. Omba kwa upole kujua alama zako za mtihani, somo kwa somo ikiwezekana, kwa sababu mtu aliyekosa kwa fizikia peke yake na aliyekosa kwa kila kitu hawana kazi moja mwaka unaofuata. Ndiyo sababu ninashauri uwe umeandaa faili mbili tangu mwanzo, la udaktari na la kitivo cha jirani, na yote mawili yapelekwe kabla ya usajili kufungwa. Usiondoke dirishani kabla ya kupewa risiti yenye tarehe na muhuri, na namba ya faili iandike pia ndani ya lile daftari la makosa, kwani karatasi ndogo hufia ndani ya mfuko wa suruali siku ya kufua.